Siku moja nyuma ya kaunta ya dawa, msimu wa upele

Nafanya kazi kwenye duka la dawa muhimu hapa Songea, upande wa Lizaboni. Kuna wateja wanaoniita dokta na kuna wanaoniita muuza Panadol. Dokta siyo, na hilo la pili linaniudhi. Nimesoma kozi ya watoa dawa, cheti kipo ukutani, na koti jeupe nalifua mwenyewe kila Jumapili. Maduka haya yalianzia mkoani kwetu Ruvuma mwaka 2003, ndipo yakasambaa nchi nzima na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Kwa hiyo nikiringa kidogo, mnivumilie.

Siku ninayoisimulia ni ya mwezi wa sita. Kwa asiyeijua Songea, mwezi wa sita ni baridi ya kufunga madirisha mchana. Watoto watatu wanalala blanketi moja, wanafunzi wa bweni wamerudi likizo na masanduku yao, na nusu ya mtaa unajikuna. Huo ndio msimu wangu.

Saa 12 asubuhi. Chai, kiporo cha wali, koti kwenye begi, naondoka.

Saa 1:30. Nafungua duka. Napiga deki, nafuta vumbi kwenye shelfu, naandika joto la chumba kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kipimajoto, napitisha macho kwenye tarehe za kuisha muda. Mkaguzi akija siku ambayo hukuandika, hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Saa 2 mpaka saa 4 kasorobo. Panadol, ORS na zinki kwa mtoto anayeharisha, dawa mseto ya malaria kwa mwenye cheti chake cha kipimo, kijana anayetaka "rangi mbili nne tu, dada", yaani vidonge vya antibiotiki, na kuondoka amenuna kwa sababu nimemwomba karatasi ya daktari. Kawaida.

Saa 4 kasoro. Akaingia baba mmoja mwenye koti la mvua, akaipiga chupa tupu ya BBE, dawa ya maji ya kupaka upele, juu ya kaunta.

"Dada, hii dawa yako ni maji."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesema ni maji. Siku tatu tunapaka, mtoto anajikuna vilevile. Nipe ya sindano."

Upele hauna sindano. Lakini ukianza na jibu hilo mteja anaenda duka la pili, na huko hukosi mtu wa kumchoma chochote. Nikamvutia kiti, nikaanza kumuuliza. Nyuma yake alikuwa ameshaingia mama na mtoto mgongoni, na nje bodaboda alikuwa anapiga honi akitaka dawa ya mafua bila kushuka kwenye pikipiki.

Amepakwa nani? Kijana wa kidato cha pili, yule aliyerudi kutoka bweni. Peke yake? Peke yake, si ndiye anayeumwa. Nyumbani mko wangapi? Nane. Wengine hawajikuni? "Wanajikuna kidogo kidogo, ila wao ni baridi hii." Mlipaka wapi? Katikati ya vidole na tumboni, panapowasha. Baada ya hapo? Asubuhi akaoga akavaa sweta lake. Lipi? Lilelile la shule. Na analala na nani? Na wadogo zake wawili.

Muda wote huo mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua kifundo cha mkono wa kushoto. Nikamwambia, baba, hebu nyoosha mkono hapa kwenye mwanga. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo vyenye vichwa vilivyochunwa kwa kucha. Pale kwenye kifundo kulikuwa na kijistari chembamba cha kijivu, kimepinda, kifupi kuliko punje ya mchele, na mwisho wake kitone cheusi. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Hiyo ni njia, nikamwambia. Mdudu jike anachimba chini ya ngozi anapita humo akitaga mayai, na mayai yanaanguliwa baada ya siku tatu au nne. Kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, muwasho unaweza kuchelewa wiki nne mpaka sita. Maana yake wale "wasioumwa" nyumbani kwako wengine wanao tayari, bado haujawaka tu.

Akaurudisha mkono mfukoni. Yule mama wa nyuma akasogea hatua moja kutoka kwake, nami nikamkazia macho arudi alipokuwa. Upele hauruki. Salamu ya mkono ya mara moja kwa kawaida haitoshi kukuambukiza. Unahitaji ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kama watu wanaolala pamoja au mama anayebeba mtoto. Tena si ugonjwa wa wachafu, na hili nalirudia kila siku kwa sababu aibu ndiyo inayofanya watu waje wakiwa wamechelewa, usiku, wamejifunika kanga, wakisema dawa ni ya jirani.

"Sasa unataka nipake nyumba nzima?"

"Nyumba nzima, usiku mmoja."

"Ninunue chupa nane!"

Hapo ndipo pananiuma katika kazi hii. Unaeleza ukweli, na ukweli wenyewe unafanana na uchuuzi. Ukikaa kimya ukamuuzia chupa moja, wewe ni mwema. Ukimwambia chupa moja ni hela iliyotupwa, wewe unatafuta faida. Na mimi mshahara wangu ni uleule akinunua moja au kumi.

Tukapiga hesabu. Kwanza BBE ya asilimia 25 ni ya wakubwa. Ya watoto inachanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa, maana ikiwa kali inaunguza ngozi yao. Kwa hiyo chupa moja ya watoto ni kama mbili. Halafu likatokea la kichanga cha miezi mitano, mjukuu. Huyo nilikataa kumuuzia. Nikamwambia baba, mama wa mtoto ampeleke kituo cha afya leo hii, apewe dawa ya umri wake, na apakwe usiku uleule mnaopaka nyie. Watoto wadogo wanapakwa mpaka kichwani, ila macho na mdomo vinaepukwa, na mikono wanavalishwa soksi wasije wakalamba dawa. Hilo la soksi lilimchekesha, na kidogo hasira zikashuka.

Nikachana boksi la dawa nikamwandikia kwa herufi kubwa. Kata kucha zote. Oga, jifute, subiri mwili upoe na ukauke. Paka kuanzia shingoni mpaka nyayo, siyo panapowasha tu: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, kwenye makalio, sehemu za siri kwa nje, katikati ya vidole vya mikono na miguu, chini ya kucha. Usipake machoni wala mdomoni, wala kwenye kidonda kibichi. Ukinawa mikono, rudia kuipaka mikono. Siku tatu mfululizo, kama chupa inavyoelekeza. Nguo, mashuka na mablanketi ya siku za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani, yapigwe pasi. Lisilofulika lifungwe kwenye mfuko wa salfeti mpaka wiki iishe, kwa sababu mdudu akikosa ngozi ya mtu hamalizi siku nyingi, mbili tatu hivi anakufa.

"Na muwasho ukibaki?"

Swali zuri kuliko yote, na watu wachache hulifikia. Muwasho unabaki hata wadudu wakiwa wamekufa, wiki mbili mpaka nne, kwa sababu miili yao na mayai bado vimo ndani ya ngozi. Hiyo haimaanishi dawa ni maji. Ukiendelea kupaka kila siku kwa hasira utaichubua ngozi, iwashe kwa sababu ya dawa yenyewe, na utazidi kupaka. Ila wiki ya nne ikipita na vipele vipya vinatoka, au ukiona usaha, nenda hospitali. Vidonda vya upele vikiingiwa na bakteria vinaweza kuleta madhara mpaka kwenye figo. Si jambo la kuchekea, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017.

Akachukua chupa alizoweza kulipia, mbili nikamwandikia kwenye daftari la madeni. Alipotoka, bodaboda alikuwa ameshaondoka na mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekaa chini. Naye alikuja kwa upele. Alikuwa amesikiliza yote, akaniambia, "Nipe kama za yule, usinirudie maelezo." Nilimrudia.

Saa 7 hivi. Nilikula muhogo nikiwa nimesimama.

Mchana ukaja mzee niliyemzoea, mfugaji, na chupa ya soda yenye maji meupe. "Mjukuu wangu, nisomee hii, nipake kiasi gani?" Nikaifungua. Harufu ilinipanda mpaka kichwani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, amegawiwa na jirani aliyeinunua duka la pembejeo. Hoja yake haikuwa ya kijinga: inaua kupe, kupe ni mdudu, upele ni mdudu. Na alishasikia kwamba hata krimu ya upele ya binadamu, permethrini, ni ya ukoo wa dawa za kuulia wadudu. Ni kweli, babu. Lakini ya binadamu imepimwa, ni asilimia 5 ndani ya krimu, na ngozi inanyonya kidogo sana. Za mifugo zina viwango vingine na viyeyusho vingine, na zipo za jamii inayopenya kwenye ngozi mpaka kwenye mishipa ya fahamu: mate yanatoka, jasho, misuli inatetemeka, pumzi inakata. Halafu chupa ya soda! Mtoto akiikuta mvunguni je? Nikamwomba aniachie, akakataa, eti ni ya watu. Tukakubaliana arudishe, na jirani aihifadhi kwenye chombo chake chenye lebo, juu, mbali na watoto. Akanunua BBE. Mafuta ya taa hakuyataja, nikayataja mimi, nikamwambia nayo hapana. Akacheka kama mtu aliyekamatwa.

Baada ya hapo saa zikaanza kuchanganyika. Miguu inavimba ukisimama tangu asubuhi, na kila mtu anakuja na vidole vyake kunionyesha. Mtu akiniuliza wapi panauma nitamwambia ni koo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoingia dada mmoja wa ofisini, nadhifu, viatu vinang'aa. Alitaka tyubu ile anayoijua kila mtu, iliyochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki. Ameitumia karibu mwezi. Ikipakwa muwasho unatulia, akiiacha unarudi mara mbili. Kwa nini inatulia? Kwa sababu steroidi inanyamazisha ngozi. Wadudu wenyewe haiwagusi, wanaendelea kuzaliana huku dalili zimefichwa, mpaka hata daktari akiangalia anaweza asijue ni upele. Nikamwambia siuzi, nikamweleza kuhusu permethrini. Hela anayo, kwa hiyo tukaongea permethrini tu: tyubu ya gramu 30 inamtosha mtu mzima mmoja mara moja. Apake jioni, akae nayo kwa muda wa masaa 8 mpaka 14, aoge asubuhi. Arudie baada ya siku saba kwa ajili ya mayai yaliyobaki, basi. Ikiingia machoni aoshe kwa maji mengi.

"Nitaoga kwanza maji ya moto sana, vinyweleo vifunguke, iingie vizuri."

Hapana! Hiyo ndiyo inayosumbua wengi, wanadhani dawa inayoingia zaidi ndiyo inayoponya zaidi. Mdudu yuko kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Dawa ikizama ndani haimfuati, inaingia mwilini mwako bure. Oga maji ya kawaida, poa, kauka, ndipo upake. Halafu nikamuuliza swali ambalo huwa nalipunguzia sauti: unalala na mtu? Akatazama mlango. Nikaweka tyubu mbili kwenye bahasha, akalipia zote mbili bila neno.

Nafunga saa 2 usiku. Nahesabu hela, naandika daftari, naandika yaliyopungua. Bosi alipiga simu kabla sijavua koti. Hana ubaya, ila anaisoma biashara kwa kuangalia shelfu: tyubu za mchanganyiko hazijatoka, kwa nini? Nikamwambia wengi waliozitaka wana upele. "Lakini wanazitaka wenyewe," akasema. "Na mwenzako wa barabara ya pili anauza. Wewe unaongea sana na wateja." Kweli naongea sana. Nikamwambia aliyepona akirudi na majirani watatu ni mauzo pia, akanyamaza akipiga hesabu, nikautumia ukimya huo kuagiza: katoni mbili za BBE kabla ya Ijumaa, permethrini kidogo, na mafuta ya salfa ya kupaka upele kama yapo, maana shule zikikaribia kufunguliwa matroni watakuja kununua kwa pamoja. Akaniuliza kama hizo katoni zina uhakika wa kutoka. Nikamwambia zitatoka, ila alete na bahasha za dawa, zimebaki chache na leo nimeandikia watu kwenye maboksi.