Mita 60 za mama wa Uluguru

Soli ya kiatu changu cha kulia ilibanduka tukiwa tumebakiza kama nusu saa kufika maporomoko ya Choma, kwenye Milima ya Uluguru. Ilibanduka yote, ikabaki imeshikilia kisiginoni tu. Njia ilikuwa imesimama kama ngazi, udongo mwekundu umeloa, na kushoto kijito kinapiga kelele chini ya migomba. Nilikaa kwenye jiwe, machozi yananilenga.

Kutoka Dar hakuna cha kusimulia. Treni ya SGR inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili. Taabu ilianzia mjini. Bodaboda alitaja elfu tano, tulipofika katikati ya mlima akadai elfu kumi: "Barabara mbaya, dada." Kijana wa kuniongoza alikuwa na bei yake, na mbele tukakuta wawili wanataka pesa ya kijiji. Risiti sikupewa hata moja, na hilo liliniuma kuliko pesa yenyewe.

Nikiwa pale jiweni akatokea mama anashuka, tenga la kabichi kichwani, ndala miguuni, hashiki kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kiatu kimekuangusha?"

Akatua mzigo peke yake, akaenda kwenye mgomba, akachuna gome kavu na kulichana nyuzi ndefu. Akazichovya kijitoni kwanza, maana kavu hukatika, kisha akazisokota juu ya paja lake mpaka ikawa kamba. Akaipitisha mara tatu chini ya unyayo, mara mbili kwenye kifundo cha mguu, fundo akalikaza kwa meno. Nilipotoa elfu mbili aliusukuma mkono wangu.

"Umetoka wapi?"

"Dar, mama. Kimara."

"Basi maji haya yanakuja kwenu."

Ni kweli. Vijito vya upande huu huingia Mto Morogoro, Morogoro ukaingia Ngerengere, Ngerengere ukaingia Ruvu, na Ruvu ndio tunaokunywa Dar. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua tukawekewa mgao, nami nilikuwa naamka saa tisa usiku kuvizia bomba, nikilikosa nanunua dumu la lita 20 kwa bei ya kukomoana. Siku zile tulikuwa tukisema kwa uchungu kwamba watu wa milimani wanalima mpaka ndani ya vyanzo vya maji. Nilisema hivyo mimi mwenyewe, tena kwa sauti.

Mama akanionyesha kwa kidole: kipande chake kile pale, matuta manne ya kabichi na mstari wa karoti, kijito huku na kijito kule. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

"Nikipima sitini huku na sitini kule, nabakiwa na lile jiwe," akasema. Hakusema kwa hasira. Kipande amekirithi kwa mama yake, aliyekirithi kwa mama yake, kwa kuwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa kike. Nikakumbuka kwamba mwaka 1955 mlima huu uliinuka kupinga matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na mkoloni. Watu wa bondeni wana desturi ya zamani ya kumwambia Mluguru namna ya kulima mlima wake.

Lakini mita 60 nazo nazitaka. Nilivyosimama pale, kijito kilikuwa cheupe juu kwenye miti na rangi ya chai ya maziwa chini ya mashamba. Yote mawili niliyaona kwa macho yangu, na sikupata la kumjibu. Nilimsaidia kujitwika tenga. Shingo yangu isingeliweza hata hatua kumi.

Maporomoko nilifika, mazuri, baridi kali, nikanawa uso nikageuka. Kamba ilishika kwenda na kurudi.

Jumatatu nilimpelekea kiatu fundi wa karibu na kituo chetu. Akahangaika na fundo, kucha zikashindwa, akachukua kisu. Nikamshika mkono, nikamwomba anipe dakika moja nilifungue mwenyewe.