Nahant: Mji Ulio Mwishoni mwa Mchanga

Kaskazini mashariki mwa Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna mji mdogo uitwao Nahant, ambao katika ramani nyingi huonekana kama doa lililoning'inia baharini chini ya mji wa Lynn. Sensa ya 2020 ilihesabu hapo wakazi 3,334. Kwa mtu anayeisoma takwimu hiyo peke yake, ni kitongoji kimoja tu kati ya vitongoji vingi vya pembeni mwa jiji kubwa, ambavyo watu wake huondoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Hata hivyo, sijaona mahali ambapo sura ya nchi na idadi ya watu vinaelezana waziwazi kama hapa. Anayetaka kufahamu kwa nini wakazi ni 3,334 na si mara mbili ya hao, na kwa nini wamekuwa wakipungua kwa nusu karne ilhali nyumba za mji huo zinauzwa kwa bei kubwa, hana budi kuanza na mawe na mchanga.

Nahant ni visiwa viwili vya mwamba vilivyofungwa na bara kwa fungu la mchanga. Kilicho karibu na bara huitwa Nahant Ndogo, na kilicho mbali zaidi, ambacho ndicho hasa mji wenyewe, huitwa Nahant Kubwa. Sehemu kubwa ya mwamba wake ni gabro, jiwe jeusi na gumu lililotokana na ujiuji wa moto uliopanda kutoka chini ya ardhi na kupoa polepole takriban miaka milioni 490 iliyopita, ukipenya katikati ya tabaka za matope na chokaa zilizokuwa za kale zaidi. Ugumu wa jiwe hilo ndio sababu ya kwanza ya kuwapo kwa mji, kwani barafu kuu ya zama za kale ilipita juu yake na bahari imeupiga kwa maelfu ya miaka, nao bado umesimama.

Mchanga nao una historia yake. Wimbi linapokikuta kisiwa kilicho karibu na pwani hujipinda pande zote mbili, na nyuma ya kisiwa, mahali ambapo maji yametulia, huangusha mchanga lililoubeba. Mchanga huo hurundikana hadi unakuwa daraja la asili ambalo wanajiografia hulitaja kwa jina la Kiitaliano, tombolo. Nahant ina madaraja ya namna hiyo mawili: refu, lenye zaidi ya kilomita mbili, linaanzia Lynn hadi Nahant Ndogo, na fupi linaunganisha Nahant Ndogo na Nahant Kubwa. Juu ya mchanga huo imejengwa barabara ya tuta, nayo ndiyo njia pekee ya kuingia na kutoka kwa gari. Upande wa magharibi wa barabara ni bandari ya Lynn, yenye maji tulivu na matope yanayoachwa wazi bahari inapokupwa, na upande wa mashariki ni ghuba ya Nahant, iliyo wazi kwa mawimbi ya Atlantiki. Katika eneo hili tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia wastani wa karibu mita 2.9, kiasi ambacho msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki atakielewa bila kuelezwa zaidi.

Mipaka ya kiutawala ya Nahant ina eneo la takriban kilomita za mraba 40, lakini zaidi ya tisa ya kumi ya eneo hilo ni bahari. Nchi kavu haifiki kilomita za mraba 3, kiasi kwamba Nahant ndiyo manispaa ndogo kuliko zote katika jimbo la Massachusetts kwa ukubwa wa ardhi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa wanaponakili takwimu. Ukigawanya wakazi kwa eneo lote, unapata watu wasiozidi 84 kwa kilomita moja ya mraba, msongamano wa mashambani kabisa. Ukiwagawanya kwa nchi kavu peke yake, unapata zaidi ya 1,100. Hesabu zote mbili ni sahihi kwa maana ya hisabati, lakini ya kwanza inahesabu mawimbi kana kwamba yangeweza kujengwa nyumba, na mwandishi yeyote anayeandika habari za mji wa pwani anapaswa kusema wazi ametumia ipi. Kwa maoni yangu, kutoisema ni kumpotosha msomaji.

Hata hiyo nchi kavu haikaliwi yote. Ufuo mrefu unaoelekea Lynn ni hifadhi ya jimbo, na wakati wa joto hujaa watu wa miji jirani ambao hawamo katika sensa ya Nahant. Ncha ya mashariki, iitwayo East Point, ilikuwa shamba la Seneta Henry Cabot Lodge, yule aliyeongoza upinzani wa Seneti dhidi ya mkataba uliounda Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye jeshi liliitwaa ncha hiyo kwa ulinzi wa bandari ya Boston, kukawa na mizinga na kisha makombora ya kutungulia ndege, na tangu 1967 pamekuwa na kituo cha sayansi ya bahari cha Chuo Kikuu cha Northeastern. Sehemu nyingine ya ncha hiyo ni bustani ya umma. Nje kidogo, upande wa kaskazini mashariki, kuna kisiwa cha Egg Rock, ambacho kilikuwa na mnara wa taa kuanzia 1856 hadi 1922 na leo kimeachiwa ndege wa baharini.

Mji huu haukuanza kama mahali pa kukaa. Baada ya Waingereza kufika katika karne ya 17, Nahant ilikuwa malisho ya mifugo ya watu wa Lynn, na shingo ile ya mchanga iliwafaa wafugaji kwa sababu ilikuwa rahisi kuizibia mifugo isitoroke na mbwa mwitu wasiingie. Miti ilikatwa, rasi ikabaki uwanda wa nyasi na mawe. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa karne ya 19, pale meli za moshi zilipoanza kuleta watu kutoka Boston kupunga upepo wa bahari, na katika miaka ya 1820 ikajengwa hoteli kubwa, ambayo iliungua 1861. Mmoja wa waliojenga nyumba huko ni Frederic Tudor, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza barafu iliyokatwa kwenye maziwa na mabwawa ya Massachusetts katika nchi za joto hadi Kalkuta. Tudor alipanda maelfu ya miti pale palipokuwa pametupwa wazi kwa upepo, na naamini yeye, kuliko mwanasiasa yeyote, ndiye aliyeifanya Nahant ikalike. (Inafaa kukumbuka kwamba katika zama hizohizo wafanyabiashara wa Salem, mji ulio kaskazini mwa hapo, walikuwa wakisafiri hadi Unguja kwa pembe za ndovu na sandarusi, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko, aliyefika 1837, alitoka Salem.)

Nahant ilijitenga na Lynn na kuwa mji kamili mwaka 1853. Sensa ya 1860 ilikuta wakazi 380. Mwaka 1900 walikuwa 1,152, na mwaka 1940 walikuwa 1,835. Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu sensa huhesabu wakazi wa kudumu, na kwa miaka mingi nyumba nyingi za Nahant zilikuwa za majira ya joto, zikifunguliwa Juni na kufungwa Septemba. Kijiji ambacho karani wa sensa alikiandika kuwa na mamia ya watu kilikuwa na uhai mwingine kabisa mwezi Agosti. Kwa mji wowote wa ufukoni, swali la kwanza kuhusu idadi ya watu ni lini walihesabiwa, na huko Marekani sensa imechukua tarehe 1 Aprili kuwa siku yake tangu 1930, wakati ambao pwani ya Massachusetts bado ina baridi na wageni hawajafika.

Kisha ukaja ukuaji wa ghafla. Kati ya 1940 na 1960 idadi ilipanda kutoka 1,835 hadi 3,960, yaani zaidi ya mara mbili ndani ya miaka 20. Magari yalikuwa yamezagaa, askari walikuwa wamerudi kutoka vitani na kuanzisha familia, na nyumba za likizo zilitiwa vipasha joto zikawa makazi ya mwaka mzima. Kilele kilikuwa 1970, watu 4,119. Tangu hapo kila sensa imeleta pungufu: 3,947 mwaka 1980, 3,828 mwaka 1990, 3,632 mwaka 2000, 3,410 mwaka 2010, na 3,334 mwaka 2020.

Ningependa kukaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo watu wanapofanya hukumu ya haraka. Mji unaopoteza karibu moja ya tano ya wakazi wake katika miaka 50 unaonekana kama mji unaokufa, kama ile miji ya viwanda ambayo mitambo yake ilifungwa na vijana wakahama. Nahant haikufungiwa kiwanda chochote, wala nyumba zake hazikuachwa mahame. Kilichobadilika ni kaya. Wastani wa watu katika kaya moja ya Marekani ulikuwa 3.14 mwaka 1970, na kufikia 2020 ulikuwa umeshuka hadi takriban 2.5, nao huo ni upungufu wa karibu moja ya tano vilevile. Mji wenye ardhi tupu huficha badiliko hilo kwa kujenga nyumba mpya, kwa hiyo jumla yake huendelea kupanda hata kila nyumba ikiwa na watu wachache zaidi. Nahant haina mahali pa kujenga. Imezungukwa na maji pande zote isipokuwa ile shingo, na shingo yenyewe ni hifadhi. Kwa hiyo kila mtoto anayehama na kuwaacha wazazi peke yao anaonekana moja kwa moja katika jumla ya mji. Nayaona haya kuwa maelezo yenye nguvu kuliko mengine yote.

Matokeo yake yanaonekana pia katika umri. Umri wa kati wa wakazi, yaani ule ambao nusu yao wameuzidi na nusu hawajaufikia, uko juu sana kuliko ule wa taifa zima. Mji una shule moja tu ya msingi, na wanafunzi wakubwa husafiri kila siku hadi mji jirani wa Swampscott. Tofauti na Lynn inashangaza kwa watu wanaotenganishwa na kilomita mbili za mchanga: Lynn ilikuwa na wakazi 101,253 mwaka 2020, wakiwamo wengi wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Kambodia, ilhali Nahant inakaliwa kwa sehemu kubwa sana na Wamarekani weupe. Si jiografia peke yake iliyofanya hivyo. Bei ya nyumba na kanuni za ujenzi zina mkono wake. Lakini shingo ya mchanga imeyarahisisha, kwa sababu mji ulio mwisho wa njia haupitiwi na mtu yeyote anayeelekea kwingine.

Njia hiyo moja ndiyo udhaifu wake pia. Katika dhoruba kubwa ya theluji ya Februari 1978 bahari iliifunika barabara ya tuta na Nahant ikawa kisiwa tena. Kiwango cha maji kilichopimwa Boston wakati huo, futi 15.1, kilibaki kuwa cha juu kuliko vyote hadi tarehe 4 Januari 2018, kilipopitwa kidogo sana. Kipimo cha bandari ya Boston, kinachofanya kazi tangu 1921, kinaonyesha kwamba usawa wa bahari umekuwa ukipanda kwa karibu milimita 2.9 kila mwaka, na nchi iliyo chini zaidi kuliko zote katika mji huu ni ileile inayopitisha magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya shule. Nyumba za juu ya mwamba wa gabro zitakuwa salama kwa muda mrefu. Mashaka yako kwenye mchanga, na mchanga uliwekwa na mawimbi, ambayo yanaweza pia kuuhamisha.

Kwa sababu hiyo, sensa ya 2030 itakapotoka, sitaanza na jumla ya wakazi. Nitatazama kwanza idadi ya kaya na ukubwa wake, kisha idadi ya watoto walio chini ya miaka 10, kisha nyumba zilizoandikwa kuwa ni za msimu. Ikiwa kaya zitabaki zilezile huku watoto wakipungua na nyumba za msimu zikiongezeka, mji utakuwa unarudi kule ulikotoka kabla ya 1940. Ikiwa nyumba kubwa za zamani zitaruhusiwa kugawanywa ili zichukue familia mbili au tatu, jambo ambalo binafsi ningelipenda, idadi inaweza kupanda tena bila hata kipande kimoja kipya cha ardhi kuhitajika.