Kuisoma Ndege Gizani

Jumamosi usiku, Juni

Hapa Indiana, Marekani, mwezi wa Juni jua halina haraka. Linazama saa tatu na robo usiku, saa ambayo Mombasa watu wameshakula na vyombo vimeshaoshwa, na hata likishazama mbingu hubaki na weupe mpaka karibu na saa nne. Nyumbani giza huingia mara moja, huku linajikokota. Siku hizi kule kungoja nakupenda kuliko kitu kingine chochote cha kiangazi, kwa sababu klabu yetu ya ndege za rimoti hutenga baadhi ya Jumamosi kwa ajili ya kurusha usiku, na hakuna anayepaa kabla giza halijakolea.

Muda huo haupotei bure. Jua likishatua ardhi hupoa, hewa ya moto haipandi tena kutoka kwenye lami na mashamba ya mahindi, na upepo uliosumbua mchana kutwa hutulia. Ndege nyepesi ya povu gumu, ambayo saa tisa alasiri ilikuwa ikisukumwa huku na kule, usiku inateleza angani bila kutikisika. Macho nayo yanataka nafasi yake. Huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa simu moja tu unatosha kuyarudisha mwanzo. Ndiyo maana uwanjani kwetu taa za magari huzimwa, simu hukaa mfukoni, na anayetaka kukagua betri hutumia tochi ya mwanga mwekundu.

Leo nimeona ndege mbili ambazo nimezifikiria njia nzima ya kurudi. Ya kwanza ilikuwa imezungushiwa mikanda ya taa ndogo za LED kila mahali, rangi zikibadilika zenyewe, na pale mezani ilivutia kweli, watoto wote waliizunguka. Ilipopaa na kwenda upande wa pili wa uwanja, rangi zote ziliungana zikawa donge moja la mwanga. Mwenyewe hakujua tena kama inakuja au inakwenda. Alitua salama, lakini kwa kuelekezwa na mwenzake aliyesimama begani kwake, na sauti zao zote mbili zilikuwa juu.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja aliyezirusha ndege hizi tangu ujana wake. Taa nyekundu ncha ya bawa la kushoto, kijani ncha ya kulia, nyeupe mkiani, kama ndege za abiria. Chini ya mbawa alipitisha mkanda mmoja wa buluu, na juu ya mbawa hakuna kitu. Basi. Ukiiona buluu, ujue tumbo linakutazama. Buluu ikipotea na ndege iko juu yako, ujue imepinduka.

Binti yangu alikuwa kando yangu tukiitazama.

“Baba, nyekundu iko kulia sasa.”

“Na kijani?”

“Kushoto.”

“Basi inaelekea wapi?”

Alinyamaza kidogo, akainua mikono yake miwili kama mbawa, akageuka kunitazama mimi, kisha akajibu, “Inatujia.”

Alikuwa sahihi, na njia aliyotumia ndiyo hasa rubani anayoitumia kichwani. Ndege ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako, kwa hiyo kijiti cha rimoti ukikisukuma kushoto yenyewe inakwenda kulia kwako. Mchana jicho linasaidiwa na umbo zima: pua, mkia, kivuli chini ya tumbo. Usiku umbo halipo. Kuna vitone vitatu au vinne vya mwanga, na nafasi iliyopo kati yake ndiyo inayokuambia ndege imelalia ubavu gani. Kitone kimoja peke yake hakifai kabisa, maana ukikikazia macho gizani kinaonekana kama kinatembea hata kama kimetulia. Marubani wa ndege kubwa hufundishwa kujihadhari na jambo hilo hilo.

Academy of Model Aeronautics, chama cha warushaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1936 na chenye makao yake jirani tu, mjini Muncie, kinataka ndege inayorushwa usiku iwe na taa zinazomwonyesha rubani wakati wote imekaaje na inaelekea wapi. Hakikutaja urembo. Mimi nakubaliana na sharti hilo kwa moyo wote. Kila taa unayoongeza iwe na jibu la swali fulani, na isiyo na jibu inaziba zile zenye majibu.

Taa za kumetameta nazo sizitaki tena, na sababu yangu ni vimulimuli. Kiangazi hujaa kwenye majani ya uwanja (aina mojawapo ndiye mdudu rasmi wa jimbo hili tangu 2018), wakiwaka na kuzima chini chini, kimo kile kile ambacho ndege hupitia ikishuka kutua. Taa tulivu isiyozima haichanganyiki nao.

Kutua ndiko kunakonishika zaidi. Mzee alipunguza mota, akaiacha ndege ishuke taratibu kati ya safu mbili za taa za bustani tulizochomeka kando ya njia. Kwanza huoni ardhi. Halafu majani yenye umande yanaanza kushika rangi ya buluu, doa hafifu lililotapakaa, na kadiri ndege inavyoshuka doa linajikusanya, linakuwa kali, mpaka unaona jani mojamoja. Hapo ndipo alipovuta eleveta kidogo, kile kibapa cha mkiani kinachoinua pua, magurudumu yakagusa. Nilimuuliza kama buluu aliiweka kwa ajili hiyo pia. Akasema ndiyo, ni kipimo chake cha kimo.

Kesho naifungua ndege yangu. Mkanda wa zambarau wa juu nautoa. Mikanda hii ya volti 12 huweza kukatwa kwa mkasi kila baada ya taa tatu, kwa hiyo vipande vitakavyobaki vitatosha mstari wa chini, nitavizamisha kwenye mfereji ndani ya povu ili bawa lenyewe ling’ae. Na taa nitazipa betri yake, seli tatu ndogo, isiyohusiana na ya mota. Mota ikiishiwa nguvu hewani, ndege bado inaweza kuteleza mpaka chini, lakini lazima niwe naiona. Binti yangu ameomba kushika solda, chuma cha moto cha kuungia nyaya. Nimemkubalia, na kazi ya kunisomea taa Jumamosi ijayo ya usiku ni yake.