Mwivi Apigaye Hodi

Desemba 1999, nikiwa na umri wa miaka 14 na mwanafunzi wa kipaimara huko Tukuyu, nilitolewa darasani kwa swali ambalo hadi leo naliona la haki. Mwinjilisti alikuwa ametusomea kwa mfululizo nyaraka mbili za Paulo kwa Wathesalonike. Wa kwanza, sura ya tano, unasema siku ya Bwana yaja kama mwivi ajavyo usiku, watu wakiwa wanasema kuna amani na salama. Wa pili, sura ya pili, unasema siku hiyo haiji mpaka kwanza uje ukengeufu na mtu wa kuasi afunuliwe. Niliuliza ni mwivi gani huyo anayepiga hodi. Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikamalizia somo chini ya mparachichi, mvua ikininyeshea.

Nyumbani nilimkuta Bibi akimenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Hakunikemea. Alijifuta kwa khanga, akaniagiza Biblia yake isiyo na jalada, akanionyesha mstari ambao mwinjilisti aliupita haraka: Wathesalonike walikuwa wamefadhaishwa na barua iliyodhaniwa kuwa ya Paulo, iliyodai kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika.

"Kwanza aliwaandikia wasije wakalala," alisema, "halafu akawaandikia kwa kuwa wamepapatika. Usingizi na kiwewe haviponi kwa dawa moja, mjukuu wangu."

Nikamfungulia Marko 13, ambako Yesu anasema kizazi hiki hakitapita hata hayo yote yatimie, na mistari miwili mbele anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, wala Mwana, ila Baba. Bibi alinyamaza mpaka maji ya sufuriani yakachemka.

"Hapo hata mimi pananishinda."

Tangu wakati huo nimeelezwa kwamba kizazi maana yake ni taifa la Wayahudi, na tena kwamba hayo yote ni kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, lakini hakuna ufafanuzi ulionituliza kama ungamo lile la jikoni.

Jambo hili halikuwa la vitabuni tu kwetu. Baba mdogo, aliyesadiki mahubiri kwamba mwaka 2000 hautafika, aliyaacha mahindi yake yamezwe na magugu, na kila jioni Bibi alimsomea waraka ule ule wa pili, sura ya tatu: asiyetaka kufanya kazi, na asile. Kisha alimpakulia.

Usiku wa mkesha, dakika chache kabla ya saa sita, karabai ya kanisani ilififia ikazimika, na mama mmoja wa kwaya akapiga ukelele. Mwinjilisti alipapasa gizani, akaipampu, ikawaka, tukatazamana. Ilikuwa saa sita na dakika nne. Asubuhi baba mdogo alikuja kuazima jembe, maana lake alikuwa ameliuza.

Tulimcheka hadi Machi. Tarehe 17 ya mwezi huo, mamia ya waumini waliteketea ndani ya kanisa lao huko Kanungu, Uganda, baada ya mwisho wa dunia uliotabiriwa na viongozi wao kupita bila kutokea. Redio ilipotangaza habari hizo, baba mdogo alikuwa ameketi nasi, sahani mkononi. Bibi aliizima, akamwongezea mboga.