Nilivyojipatia kiti kwenye kikao cha wahandisi

Nilipoanza kazi ya uhusiano wa umma kwenye kampuni ya programu za malipo, nilikuwa napokea jambo lililokwisha kuamuliwa na kulipamba. Bidhaa ikizinduliwa, naandika taarifa, namwandaa mkurugenzi kwa mahojiano. Mfumo ukianguka, naambiwa na mwandishi wa habari aliyepiga simu kuuliza. Hilo ndilo lililonikera.

Sikuomba cheo. Niliomba kukaa tu kwenye kikao cha asubuhi cha wahandisi. Waliniona mpelelezi wa bosi, na walikuwa na haki. Mimi nikawa nauliza swali lile lile: hiki kikiharibika, mteja ataona nini kwenye skrini? Baada ya muda wakawa wananijibu kabla sijafungua mdomo.

Wakubwa ndio walikuwa wagumu. Hao niliwapelekea mkasa wa Intel, kampuni inayotengeneza chipu za kompyuta. Mwaka 1994 profesa wa hisabati, Thomas Nicely, aligundua kwamba chipu yao ya Pentium inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kampuni ikashikilia kuwa mtumiaji wa kawaida hatalikuta kosa hilo, na anayetaka kubadilishiwa aeleze kwanza kwa nini. Kwa hesabu walikuwa na hoja, lakini mtu aliyenunua kompyuta kwa fedha yake hakuwa tayari kuhojiwa. Desemba wakakubali kumbadilishia kila anayetaka, na hasara ikafika dola milioni 475. Aliyeniunga mkono wa kwanza ni mkuu wa fedha, wala sikushangaa.

Mfumo wetu ulipogoma, nilikuwa na mafundi tangu mwanzo. Mwanasheria akaleta rasimu: "Baadhi ya watumiaji wanaweza kukumbana na changamoto." Nikaifuta. Tukatoa hii: "Malipo yamesimama tangu saa mbili asubuhi. Fedha zilizokatwa hazijapotea. Chanzo bado tunakitafuta. Taarifa nyingine ni saa tatu." Saa tatu hatukuwa na jipya, tukasema hivyo hivyo. Waandishi walipopiga walikuta jibu lipo, wakanukuu sisi badala ya kukisia.

Mwanasheria alininunia kidogo. Kisha tukaanza kuhudumia wateja wa Umoja wa Ulaya, ambako data binafsi zikivuja mamlaka hutakiwa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu kampuni ibaini. Siku hizi yeye ndiye anayenipigia kwanza, hata usiku.