Kahawa haichumwi ufukweni

Mkungu wa ndizi haubebwi vile. Mtu yeyote aliyekulia Kibosho ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote kwenye ule mchoro mkubwa wa darini, juu ya ngazi za Teatro Nacional, jumba la taifa la maonyesho, mjini San José, Costa Rica. Katikati amesimama mwanamume kaukumbatia mkungu kwa wepesi kama mtu aliyeshika shada la maua, wakati mkungu wenyewe ni mzima, wa kumtoa mtu jasho. Karibu naye akina mama wanashughulika na mavuno ya kahawa, nguo zao hazina hata doa. Na nyuma yao kuna bahari na meli. Hapo ndipo nilipocheka kwa sauti mpaka mlinzi akanigeukia. Kahawa ya arabika, zao la milimani, ufukweni!

Mimi ni muonja kahawa. Kazi yangu Moshi ni kuvuta kijiko kwa kelele, kusukutua, kutema na kuandika alama. Costa Rica nilipelekwa na mwajiri nikajifunze wenzetu wanavyoanika kahawa ikiwa bado na utelezi wake. Mambo ya tamthilia hayakuwemo kwenye ratiba. Ila Jumamosi tulipewa mapumziko, wenzangu wakapanda volkeno ya Poás, mimi na goti langu bovu nikabaki mjini. Jumba lile niliingia kwa sababu moja tu: kijitabu cha hoteli kilisema limejengwa kwa pesa ya kahawa. Nikasema ngoja nikaione hiyo pesa.

Mchoro ule ni wa Aleardo Villa, Mwitaliano, mwaka 1897. Aliuchora huko huko Italia, Costa Rica yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Wenyeji wanajua makosa yake yote na wanakuonyesha kwa furaha. Hata hivyo waliuchapa kwenye noti yao ya koloni 5. Nilimtumia mama mdogo picha kwa WhatsApp, akajibu haraka kuliko kawaida yake: "Mwanangu, huyo baba hajawahi kukata mgomba. Na hao wanawake, ni mavuno gani hayo yasiyochafua kanga?"

Kisa cha jumba kinaanzia kwenye ukosefu wa jumba. San José ilikuwa na ukumbi wake tangu 1850, ukiitwa Teatro Mora kwa jina la rais wa wakati huo, lakini tetemeko la mwisho wa 1888 likauharibu. Husimuliwa kwamba muda si mrefu baadaye Adelina Patti, mwimbaji wa opera aliyekuwa gumzo la dunia, alizuru Amerika ya Kati akairuka Costa Rica kwa kuwa haikuwa na jukwaa la hadhi yake. Ukweli wa hilo wanaujua wao. Lenye hakika ni kwamba mwaka 1890 matajiri wa kahawa walikubali kutozwa kodi kwa kahawa waliyouza nje ili mji ujengewe ukumbi mpya.

Uungwana mkubwa, nikajisemea. Kwetu makato ya kahawa yalijenga shule. Hawa wameyatumia kwa opera, kila mtu na ndoto yake. Kisha nikapata nusu ya pili ya hadithi, ile ambayo kijitabu cha hoteli kiliificha. Kodi ya kahawa haikutosha, na wenye kahawa hawakuwa na hamu ya kuendelea kukatwa. Serikali ikaiondoa na badala yake ikatoza bidhaa zinazoingia kutoka nje. Kwa maneno mengine mzigo ukahamia kwa kila anayenunua kitu dukani, akiwemo mchumaji ambaye kwenye vile viti vya mahameli hakualikwa. Kwa hiyo ukisikia jumba limejengwa na kahawa, ongeza: na kapu la sokoni pia.

Lilifunguliwa tarehe 21 Oktoba 1897 kwa opera ya Faust ya Gounod, iliyoletwa na kampuni ya Wafaransa. Mji wenyewe ulikuwa na watu kama 20,000 tu. Marumaru Italia, wachongaji Italia, na kwenye uso wa jengo zinakukaribisha sanamu za Beethoven, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, na Calderón de la Barca, mwandishi wa tamthilia wa Hispania. Nilizunguka nje nikitafuta sura ya mwenyeji hata mmoja kati ya hao wa mlangoni, sikumwona.

Nisiwe mchoyo wa sifa lakini. Kuna ufundi mule ndani uliokaribia kunifanya nisamehe yote. Sakafu ya ukumbi imelala mteremko ili wa nyuma naye aone, kama inavyotakiwa. Chini yake kuna mtambo wa kuzungushwa kwa mikono. Viti vikiondolewa na wanaume wakishika mpini, sakafu nzima inapanda polepole hadi inalingana na jukwaa, na ukumbi wa maonyesho unakuwa ukumbi wa dansi. Bila umeme, bila injini, misuli tu. Mtembezaji wetu alitaja jambo hilo kwa sentensi moja na kuendelea na vioo na dhahabu. Mimi nikabaki nyuma namuuliza ni nani waliokuwa wakizungusha, na walilipwa nini. Hakutegemea swali hilo.

Miaka mingi jukwaa lile lilikuwa la wageni: opera za Kiitaliano, michezo ya nyimbo ya Kihispania, makundi yaliyokuwa safarini. Wenyeji wachache waliandika vyao. Ricardo Fernández Guardia alionyesha Magdalena yake pale mwaka 1902, mchezo wa watu wa tabaka lake na maneno yao ya sebuleni. Ni mwanzo, sikatai. Ila ni mwanzo wa chumba kimoja cha nyumba kubwa.

Na tusijidanganye kwamba kabla ya marumaru hakukuwa na maigizo nchini. Kusini, katika kijiji cha Boruca, Waboruka, wenyeji wa asili, wana mchezo wao wa mashetani wadogo, kuanzia usiku wa tarehe 30 Desemba hadi tarehe 2 Januari. Wanaume huvaa barakoa za mbao walizochonga wenyewe na kupambana na fahali, kifaa cha fremu na gunia anachobeba mtu. Fahali ni Mhispania na mashetani ni wao wenyewe, wakilibeba kwa maringo jina walilotukanwa nalo. Fahali huwapiga mmoja mmoja mpaka wote wanalala chini, halafu wanafufuka, wanamsaka na kumwua. Zulia hakuna, tiketi hakuna, na kila mtazamaji anajua mwisho wake. Ukiniuliza tamthilia ya Costa Rica ina umri gani, nitaanza kuhesabu huko, sio 1897.

Mageuzi yenyewe yalikuja kwa mlango wa siasa. Tarehe 1 Desemba 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, José Figueres, kiongozi wa upande ulioshinda, alishika nyundo akaugonga ukuta wa ngome ya Bellavista kuonyesha kwamba jeshi limefutwa. Ngome ikageuzwa Makumbusho ya Taifa. Miaka ya 1950 chuo kikuu kilipata kundi lake la maigizo, na mjini likazaliwa kundi la Arlequín, la watu wenye kazi zao mchana na mazoezi usiku. Figueres aliporudi madarakani 1970, serikali yake iliunda wizara ya utamaduni, na waziri wa kwanza akawa Alberto Cañas, mwandishi wa habari na wa tamthilia. Mwaka uliofuata, 1971, ikaanzishwa Compañía Nacional de Teatro, yaani kundi la taifa lenye waigizaji wanaolipwa.

Cañas mwenyewe mwaka huo alitoa La Segua, kutokana na ngano ya mwanamke mzuri anayeomba lifti ya farasi usiku, na dereva akigeuka nyuma anakuta uso wa farasi. Wenye farasi siyo madereva, najua, ila sisi tuliolelewa na hadithi za warembo wa Dar wenye kwato tutaelewana. Mwaka huo huo Samuel Rovinski akaleta Las fisgonas de Paso Ancho, vichekesho juu ya wambeya wa mtaa wa kawaida kusini mwa San José. Watu wakasikia lugha ya kwao, ya dukani na ya dirishani, ikitoka jukwaani. Kundi la taifa lilishusha viingilio na kwenda mikoani, na mjini likawa na maonyesho ya wazi pale pale Bellavista, kwenye ua ambao askari walikuwa wakipigia gwaride. Kwangu mimi hilo ndilo tendo kubwa kuliko ufunguzi wote wa 1897.

Halafu wakaja wakimbizi. Alfredo Catania na kaka yake Carlos, Waargentina, walikwishafika tangu miaka ya 1960, na Alfredo akawa mwongozaji aliyewafunza vijana wengi. Baada ya Jenerali Pinochet kupindua serikali ya Chile tarehe 11 Septemba 1973, wasanii wa huko wakatawanyika, na nchi ndogo isiyo na jeshi ikawa kimbilio. Waigizaji wa Chile Marcelo Gaete na Sara Astica walianzisha kundi la Teatro Surco. Alejandro Sieveking, mwandishi, na mkewe mwigizaji Bélgica Castro walitua 1974, wakafungua ukumbi na kuupa jina lile lile la ukumbi waliouacha Santiago: Teatro del Ángel. Walikaa miaka kumi, kisha wakarudi kwao. Hawa wawili nimewasoma mpaka usiku wa manane hotelini. Sieveking alifariki tarehe 5 Machi 2020, na Bélgica akamfuata kesho yake, siku aliyotimiza miaka 99.

Wageni tena, utasema, si ulikuwa unawalalamikia? Ndiyo, lakini wageni wa 1897 walikuja kuonyesha na kuondoka na mapato. Hawa walipanga nyumba, wakapanga foleni sokoni, wakafundisha, wakaigiza pamoja na wenyeji. Tofauti hiyo unaiona hata kwenye kahawa: kuna mnunuzi anayepitia mnadani, na kuna anayekaa na wakulima msimu mzima.

Miaka ya 1970 wenyewe wanaiita ya dhahabu. Ilivunjwa na uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 thamani ya koloni, fedha yao, iliporomoka, ruzuku zikanywea, na makundi mengi yakageukia vichekesho vyepesi vinavyojaza viti kila wikendi: wake na waume, wapenzi kabatini, wakwe wasiotaka kuondoka. Watu wa tamthilia nzito wanavisema vibaya sana.

Jioni ile nilikwenda kuviona vichekesho hivyo, kwenye ukumbi mdogo wenye feni zinazolia. Kihispania changu ni cha kiwandani, najua "unyevu" na "tangi" kuliko mapenzi. Mama wa makamo aliyeketi karibu yangu aligundua, akawa ananinong'oneza kila utani kwa ishara na Kiingereza cha kuokoteza, hata pale mkwe alipojificha ndani ya sanduku la nguo, jambo lisilohitaji tafsiri. Mchezo haukuwa na kina, nakubali. Lakini mbele yangu walikuwepo fundi aliyekuja na sare yake ya kazi, mabinti wawili na nyanya yao, na vijana waliokula karanga kwa siri, wote wanaujibu mchezo kwa sauti. Wakosoaji wasubiri kidogo. Kundi linaloishi kwa kiingilio lina haki ya kuchekesha, mradi lile la taifa lisiache kutoa vitu vizito kwa bei ya mnyonge.

Kiingilio kilikuwa sawa na bei ya vikombe vitatu vya kahawa pale hotelini kwangu. Na kahawa ile, niseme tu kitaalamu, ilikuwa imekaangwa kupita kiasi.