Nilivyopima msukosuko wa maji kwa leza, kamera na chembe za kioo

Rangi ikimiminwa kwenye maji yanayopita huonyesha msukosuko waziwazi. Osborne Reynolds alifanya hivyo ndani ya bomba mwaka 1883. Ila rangi haikuambii kasi. Ili kuipata kasi nilitia chembe ndogo majini, nikamulika tabaka jembamba kwa leza, nikapiga picha mbili zilizopishana kwa muda unaojulikana, kisha programu ikatafuta kila kikundi cha chembe kimehamia wapi. Umbali gawanya kwa muda, basi. Kazi yenyewe imo kwenye hesabu, na nyingi inabidi zipigwe kabla leza haijawashwa.

Mfereji wangu ulikuwa wa kioo, upana sm 15 na kina sm 15, lita 60 zikizungushwa na pampu. Katikati ilisimama nguzo ya mviringo yenye kipenyo cha mm 20, na maji yalikwenda sm 10 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, kipimo cha nguvu ya mwendo wa maji dhidi ya mnato wake, hapo ni 2000. Kamera niliiweka chini ya sakafu ya kioo ikitazama juu, kwa sababu uso wa maji hucheza na kupotosha picha. Iliona upana wa mm 128 kwa pikseli 1280, yaani pikseli 10 kwa milimita, kwa hiyo mkondo ulihama pikseli 1000 kwa sekunde.

Programu hukata picha katika madirisha. Nilitumia ya pikseli 32, yakipandana nusu kwa nusu. Chembe isihame zaidi ya robo ya dirisha, hapa pikseli 8, la sivyo nyingi hutoka dirishani na programu hulinganisha vitu visivyohusiana. Kwa picha 200 kwa sekunde mkondo mkuu ulihama pikseli 5, ikabaki nafasi kwa maji yanayokimbia zaidi ubavuni mwa nguzo. Kila picha ilichukua mwanga kwa 1/2000 ya sekunde, ili chembe isiache mkia unaozidi nusu pikseli.

Chembe zilikuwa tufe za kioo zenye uwazi ndani, kipenyo mikromita 10, uzito wa gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo. Wengi huharibu hapa: hutia kijiko kizima na maji yakawa kama maziwa. Dirisha la mm 3.2 kwa 3.2 lenye mwanga wa unene wa mm 1 lina ujazo wa milimita 10 hivi, na linahitaji chembe kama 10. Hiyo ni chembe moja kwa kila milimita ya ujazo, milioni moja kwa lita. Kwa lita 60 inatoka kama gramu 0.035 tu! Kwa kuwa tufe hazilingani ukubwa, anza na kiasi hicho kisha ongeza kidogo kidogo huku ukihesabu kwenye picha. Zikoroge kwanza ndani ya kikombe chenye tone la sabuni ya vyombo, maana zikiwa kavu hugandana. Huzama mikromita 5 hivi kwa sekunde, kwa hiyo asubuhi utazikuta sakafuni; koroga tena. Maji nayo yalale siku moja kabla ya kazi, la sivyo vipovu hushika nguzo na kung'aa kuliko chembe zote.

Leza ilikuwa ya kijani, nanomita 532, wati 2, ikipita kwenye kijiti cha kioo kinachoitandaza kuwa pazia. Mwanga wa nguvu hiyo hupofusha hata ukiakisiwa. Vaa miwani ya kinga iliyotengenezwa kuzuia nanomita 532, paka nguzo rangi nyeusi isiyong'aa, na weka ubao mweusi mahali mwanga unapotokea.

Kosa lililonisumbua zaidi halikuonekana kwa macho. Tundu la lenzi likiwa f/2.8 (namba ya f ikikua tundu hupungua), taswira ya chembe kwenye sensa ya kamera ilitoka mikromita 3.8, wakati pikseli moja ya sensa ni 4.8. Chembe ikiwa ndogo kuliko pikseli, programu haiwezi kukisia sehemu ya pikseli, na mihamo yote huvutwa kwenye namba kamili. Chora histogramu (mchoro wa idadi) ya desimali za mihamo: ukiona kilima kwenye sifuri, ndilo hilo. Kufunga hadi f/8 kungetoa pikseli 2.3, lakini mwanga ungebaki moja ya nane. Nilisogeza fokasi kidogo hadi chembe zikawa pikseli 2 hadi 3, kilima kikatoweka.

Rula ya kupimia ukubwa iwekwe ndani ya maji, palepale kwenye pazia. Ikiwekwa nje, kupinda kwa mwanga kunakupa mizani ya uongo.

Kuchuja vekta mbovu, yaani mishale ya kasi ya madirisha iliyokosewa, nilitumia jaribio la mediani la Westerweel na Scarano la 2005, linalolinganisha kila vekta na jirani zake, kikomo 2. Vekta mbovu zikizidi asilimia 5 usizidi kuchuja. Rudi kwenye chembe na mwanga.

Sasa takwimu. Nyuma ya nguzo visulisuli huachiliwa karibu kimoja kwa sekunde kila upande (namba ya Strouhal, yaani marudio mara kipenyo gawanya kwa kasi, ni kama 0.2). Picha 1000 mfululizo ni sekunde 5, yaani visulisuli vitano vilivyorudiwa-rudiwa. Wastani wake hauna maana. Nilichukua jozi 400 za picha, moja kila sekunde 2. Msukosuko ukiwa asilimia 20 ya kasi, kosa la wastani hushuka hadi asilimia 1. Mfululizo nikauacha kwa kupima marudio ya visulisuli tu, ambayo yalizidi 1 kwa sekunde kidogo, kwani nguzo imeziba zaidi ya sehemu ya kumi ya upana.

Upotevu wa nishati, yaani nishati ya msukosuko inayogeuka joto kupitia visulisuli vidogo, sikuupima. Visulisuli vidogo kabisa hapa ni sehemu ndogo ya milimita, na dirisha la mm 3.2 huvimeza vyote.